Mpango wa Juma, Chumba cha Wadogo

Jumapili usiku, umeme umekwenda zake.
Nimeweka tochi ya simu ndani ya kikombe cha plastiki,
mwanga ukajaa mezani kama maziwa.
Nafungua daftari. Naandika: Jumatatu.
Kisha nakaa.

Watoto kumi na mmoja, hakuna aliyefika miaka mitatu.
Wanne bado wanatembea kwa kushika ukuta.
Wote wanaujua ulimwengu kwa njia moja:
unapita mdomoni kwanza.

Ndiyo maana nina kipimo changu,
kibomba cha karatasi ya chooni, kimebonyea upande.
Kila kinachotaka kuingia chumbani hupita humo.
Kifuniko cha soda: kimepita. Hakifai.
Kifungo, haragwe, kokwa ya plamu: nje.
Mwiko wa mti umekwama. Karibu, mwiko.
Gunzi kavu limekwama kwa kiburi. Karibu nawe.
Nimekuwa afisa wa mpaka pale Ruzizi,
nakagua mizigo, sili rushwa.

Juma lililopita niliandika: Unga wa rangi.
Unga wa muhogo, chumvi, mafuta kidogo,
kijani cha lengalenga, wekundu wa bitiruti.
Mpango ulinipendeza hata nikaupigia mstari.
Asubuhi Nyanya M'Birindwa akamleta mjukuu,
akaliona beseni, akauliza taratibu, bila ugomvi:
"Unga huo ni wa kuchezea?"
Mdomo wangu ulifunguka, ukajifunga.
Mchana tulisonga fufu, tukala na sambaza,
watoto wakajipaka mpaka masikioni.

Basi kesho ni udongo.
Nimeuchota hapa hapa Kadutu, nyuma ya shule,
pale mteremko ulipokatika.
Nimeuloweka, nimeuchuja kwa kitambaa,
nikaondoa mawe, vigae, jino la kitana.
Udongo huu naujua.
Aprili ulishuka usiku pamoja na mvua,
ukachukua jiko la akina Akonkwa, na ukuta, na mbuzi.
Yeye alikuwa mgongoni mwa mama yake, amelala.
Nimpe au nisimpe?
Katika daftari, mbele ya jina lake,
nimeacha mstari mtupu.

*

Jumatatu.
Nilikuwa nimepanga: nyoka, mpira, chapati.
Nshobole alilikalia donge lake.
Pacha wa Mugaruka hawakuutazama udongo kabisa,
walitaka katoni ulimokuja,
wakaingia, wakatoka, wakaingia,
kila mara wakishangaa kukutana.
Ashuza alimwosha mwanasesere ambaye hakuwa mchafu.

Akonkwa alikuja mwisho. Akachuchumaa.
Akatia kidole gumba. Shimo.
Akakitoa, akachungulia, akacheka,
akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyelificha humo.
Shimo lingine. Lingine tena.
Nami nimepiga magoti na tambara mkononi,
nikingojea kilio ambacho
nilikuwa nimekipangia nafasi.

Kisha akalibeba donge zima kwa mikono miwili,
akalipandisha begani, likaanguka.
Akalipandisha tena. Akanigeuzia mgongo.
"Beba," akasema.
Hajawahi kutuambia neno zaidi ya "hapana".
"Beba!"

Nikalivingirisha katika kipande cha kitenge,
nikamfunga kifuani fundo mbili, jinsi mama yake anavyofunga.
Alitembea nalo asubuhi yote,
akiyumba, akilipapasa kwa nyuma,
akiliambia kitu ambacho hakikuwa kwa ajili yetu,
maji mekundu yakimchirizika mpaka kwenye visigino.
Alipolala, alilala kifudifudi
ili lisibanwe.

*

Jumatatu usiku. Umeme umerudi, unakonyeza.
Kwa Jumanne nilikuwa nimeandika:
kubandika majani kwenye karatasi.
Nimekata.

Jumanne: udongo tena.
Kuongeza vitambaa, virefu, angalau sita.
Kumwomba radhi mama Akonkwa kwa ile shati.
Katoni isitupwe.